Msiba Usio na Matanga: Huzuni ya Wahudumu wa Afya Mkoani Songwe

Mgonjwa anapofariki wodini, jamii ya Watanzania hujua mara moja nani ni mfiwa na nani ni mtoa pole, kwa kuwa utaratibu wa msiba umepangwa tangu zamani kwa kufuata damu, ndoa na ujirani, na kila mtu hupata nafasi yake katika utaratibu huo isipokuwa yule aliyekuwa ameshika mkono wa marehemu pumzi ilipokata. Muuguzi, mkunga, tabibu au daktari aliyemhudumia hahesabiwi miongoni mwa wafiwa, halali msibani, hapewi mkono wa pole, na mara nyingi hana hata nafasi ya kukaa chini, maana kitanda cha pili kina mgonjwa mwingine anayemsubiri. Makala haya yanaichunguza huzuni hiyo isiyo na pa kukaa, yakiutazama Mkoa wa Songwe na hasa mji wa mpakani wa Tunduma, ambako mazingira ya kazi huipa sura ambazo hazimo katika vitabu vingi vya taaluma.

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, makao yake makuu yakiwa Vwawa, na ndani yake zimo wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe pamoja na Halmashauri ya Mji wa Tunduma. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 1.3. Huduma zake zimepangwa kwa ngazi kama ilivyo nchini kote: zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali ya halmashauri, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Vwawa, na juu ya hizo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambayo kitengo chake cha wazazi cha Meta hupokea wajawazito walioshindikana kwingine. Kila ngazi hupoteza wagonjwa, lakini kadiri mtu anavyoshuka kuelekea zahanati ndivyo idadi ya wenzake kazini inavyopungua, hadi kufikia mahali ambapo mhudumu mmoja wa zamu ya usiku ndiye aliyempokea mgonjwa, aliyemtibu, aliyemwona akikata roho na anayepaswa kuwaeleza ndugu.

Wasomaji wengi hukijua kifo cha hospitalini kuanzia pale daktari anapotoka mlangoni kuwaita ndugu, na hivyo yafaa kueleza kinachofanyika upande wa pili wa pazia. Daktari au tabibu husikiliza kifua ili kuhakikisha kwamba moyo na pumzi vimesimama, humulika mboni za macho kuona kama zinaitikia mwanga, kisha huandika saa ya kifo kwenye faili. Baada ya hapo kazi humwangukia muuguzi. Huchomoa sindano ya dripu na mpira wa mkojo, huyafumba macho kwa ncha za vidole na kuyashikilia kitambo ili yasifumbuke, husafisha mwili, hufunga taya kwa bandeji inayopita juu ya utosi ili mdomo usibaki wazi, huvifunga pamoja vidole gumba vya miguu, hubandika lebo yenye jina, hufunika shuka, na huorodhesha mbele ya shahidi vitu alivyokuja navyo marehemu, kuanzia simu na kitambulisho hadi kanga na noti za elfu mbili mbili zilizofungwa kwenye pindo. Wapo wauguzi ambao wakati wote huo huendelea kumsemesha marehemu kwa sauti ya chini, wakimwomba radhi wanapomgeuza. Kinachofuata ni kujaza rejesta za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, na kuandika kitabu cha ripoti kitakachosomwa zamu inapokabidhiwa asubuhi.

Kuuandaa mwili kwa namna hiyo hufundishwa vyuoni kama stadi ya uuguzi, yenye hatua zake na vifaa vyake, na mwanafunzi hupimwa kwa usahihi wa mikono. Jambo ambalo halifundishwi kwa uzito unaostahili ni kwamba dakika hizo ndizo maziko pekee ambayo muuguzi huyo atayashiriki. Ndugu wana kilio, wana ibada au dua, wana kaburi na wana siku ya kuanua matanga. Muuguzi ana bandeji, lebo na shuka, na anavitumia huku akiangalia saa.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Kimarekani wa masuala ya kifo na maombolezo, Kenneth Doka, aliipa jina huzuni ya namna hii, akiieleza kuwa ni huzuni ambayo mtu anayo kweli lakini jamii haimpi haki ya kuionesha hadharani, kuitolea sababu wala kupewa pole kwa ajili yake. Kwa Kiswahili inaweza kuitwa huzuni isiyotambuliwa. Sheria za kazi zinaudhihirisha mpaka huo bila kukusudia ubaya wowote: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi wa Tanzania angalau siku 4 za likizo yenye malipo anapofiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Hakuna anayetarajia kwamba sheria itamwongeza mgonjwa katika orodha hiyo, na kwa idadi ya vifo vinavyotokea katika hospitali yoyote jambo hilo lisingewezekana, lakini kati ya siku 4 na kutopewa hata robo saa upo uwazi mkubwa ambao uongozi wa vituo ungeweza kuujaza bila kungoja Bunge.

Mgeni aliyefia mpakani

Tunduma ni mji uliojengwa na safari. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita humo, reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 inavuka hapo kuelekea New Kapiri Mposhi, na kituo cha pamoja cha forodha kati ya Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa na marais wa nchi hizo mbili Oktoba 2019, hupitisha shehena za Zambia na za migodi ya Kongo. Malori hupanga foleni ndefu, na katika foleni hiyo wamo madereva, utingo, wachuuzi, wabadilisha fedha na wasafiri ambao kwao Tunduma ni mahali pa kulala usiku mmoja au miwili. Mei 2020, Zambia ilipoufunga kwa muda mpaka wa Nakonde kwa sababu ya UVIKO-19, watu hao wa safari walikwama papo hapo, na wahudumu wa afya wa pande zote mbili ndio waliokuwa wakiwapima.

Kwa sababu hiyo, sehemu ya wagonjwa wanaofikishwa katika vituo vya Tunduma hawana mtu nyuma yao. Dereva aliyepata kiharusi akiwa kwenye usukani huletwa na utingo wake ambaye hawezi kuliacha lori; majeruhi wa ajali asiye na kauli huletwa na askari wa usalama barabarani; msafiri mwenye malaria iliyopanda kichwani huzungumza Kibemba, au Kiswahili cha Lubumbashi ambacho muuguzi anayetoka Iringa anakifuata kwa shida. Mgonjwa wa aina hii anapofariki, ndugu zake wako Ndola, Kolwezi au Tanga, na binadamu aliyemjua kwa karibu zaidi katika saa zake za mwisho ni mhudumu ambaye saa chache kabla hakuwa amewahi kumwona.

Hapo ndipo linapokuja jukumu la kupiga simu. Ikiwa simu ya marehemu inafunguka, hutafutwa namba iliyopigwa mara nyingi au iliyohifadhiwa kwa jina la mama, kaka au mke, na mtu wa upande wa pili, baada ya kupiga kelele na kunyamaza, kwa kawaida huuliza swali lilelile: je, alisema chochote? Muuguzi huwa na jibu la kweli ambalo mara nyingi ni fupi mno kuweza kumtosheleza mfiwa, kwamba aliomba maji, kwamba alilitaja jina la mtoto, au kwamba alifika akiwa tayari hajitambui. Kuyatafuta maneno ya kulitoa jibu hilo fupi kwa mtu anayelia kilomita mia nyingi kutoka hapo ni kazi ngumu kuliko nyingi zilizomo katika mwongozo wa kazi, na haimo katika mwongozo wowote wa upangaji wa zamu. Kwa marehemu asiyetambuliwa na yeyote, mazishi husimamiwa na halmashauri kupitia afisa ustawi wa jamii, na mtu anayeweza kusema kwamba alimwona marehemu akiwa hai, akameza dawa, akaitikia jina, ni mmoja tu, naye yuko wodini.

Vijijini hali ni kinyume kabisa, na si nyepesi. Katika zahanati za Ileje au katika tambarare ya Momba kuelekea Ziwa Rukwa, mkunga hukaa nyumba ya watumishi iliyo hatua chache kutoka zahanati, hununua unga kwenye duka la shemeji wa mgonjwa wake, na huimba kwaya moja na mama wa mgonjwa huyo. Mgonjwa akifariki, kijiji kizima kinajua nani alikuwa zamu. Mkunga akienda msibani anahofia macho ya watu, na asipokwenda watu watauliza kwa nini hakuja. Wengi wa wahudumu hao ni vijana waliopangiwa vituo kupitia TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, mathalani kijana wa Tarime au wa Lindi aliyefika Momba akiwa na begi moja na cheti kipya, ambaye hana shangazi wa kumpikia uji wala rafiki wa utotoni wa kukaa naye usiku huo. Mtu wa Tunduma humlilia asiyemjua bila mashahidi, na mtu wa kijijini humlilia anayemjua mbele ya mashahidi wengi mno.

Kifo cha mzazi

Kati ya vifo vyote, wahudumu hutaja kifo cha mama anayejifungua kuwa ndicho kisichosahaulika, na sababu yake inaeleweka: mama huyo aliingia leba akiwa mzima, mara nyingi akitembea kwa miguu yake, na kilichotarajiwa ni furaha. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu zinaonesha kwamba vifo vya uzazi Tanzania vilipungua kutoka makadirio ya 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika utafiti wa 2022. Haya ni mafanikio makubwa ya kustahili sifa, na wenye sehemu kubwa ya sifa hiyo ni wakunga wenyewe. Hata hivyo, upungufu huo una athari isiyozungumzwa, kwamba kifo kinapokuwa nadra huwa kizito zaidi kwa anayekishuhudia, kwa kuwa hakuna tena anayeweza kukichukulia kuwa jambo la kawaida la dunia, na mkunga aliyepoteza mzazi mmoja baada ya kuzalisha mamia huuona uso wa huyo mmoja.

Visababishi vikuu vinajulikana. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua huweza kumwondoa mama katika muda mfupi kuliko safari ya kufuata damu. Kifafa cha mimba, ambacho ni degedege zinazotokana na shinikizo la damu kupanda wakati wa ujauzito, huweza kumpata mama akiwa njiani. Umbali kutoka Tunduma hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 100 za barabara inayotumiwa na malori, yenye miteremko kama ule wa Senjele unaojulikana kwa ajali, na rufaa ya mama anayevuja damu katika barabara hiyo ni mbio ambazo muuguzi wa msindikizo huzikimbia akiwa amepiga magoti ndani ya gari, mkono mmoja ukikanda mfuko wa uzazi na mwingine ukiinua chupa ya dripu. Mfumo wa M-mama, ulioanzia Shinyanga na Sengerema na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambao kwa kupiga namba 115 bila malipo huunganisha mzazi na gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa, umepunguza muda wa kungoja usafiri. Pamoja na hayo, wapo wanaofia njiani, na muuguzi wa msindikizo hurudi kituoni kwa gari lilelile, akiwa ameketi kando ya machela.

Kila kifo cha uzazi hutakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24 na kisha kujadiliwa katika kikao cha mapitio, ambacho Tanzania imekiwekea mwongozo wa kitaifa unaojumuisha pia vifo vya watoto wachanga. Msingi wa vikao hivi, uliosisitizwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2004, ni kwamba visitaje majina na visitafute wa kulaumiwa, bali vitafute sababu zinazoweza kuepukika ili mama wa kesho apone. Watafiti waliochunguza vikao hivyo nchini wamekuta, hata hivyo, kwamba hofu ya lawama bado ipo, na kwamba hofu hiyo huwafanya baadhi ya wahudumu waandike kwa tahadhari ya kujilinda. Mkunga ambaye hajapata usingizi tangu juzi huitwa kikaoni na kuulizwa kwa nini patografu, yaani karatasi ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, haikujazwa saa nane usiku. Swali hilo ni halali na lazima liulizwe. Kosa linafanyika pale ambapo swali hilo ndilo neno la kwanza ambalo mtu yeyote kituoni amemwambia tangu mama yule afariki.

Mwaka 2000 daktari wa Kimarekani Albert Wu aliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, kwamba panapotokea kosa la kitabibu mgonjwa ndiye mwathirika wa kwanza, na mhudumu aliyelitenda au kulishuhudia ni mwathirika wa pili, kwa kuwa hubaki na aibu, hofu na mashaka juu ya uwezo wake. Istilahi hiyo ilienea duniani na kuanzisha huduma nyingi za msaada, lakini mwaka 2019 watu waliopoteza jamaa zao kwa makosa ya hospitali walitaka katika jarida lilelile iachwe, wakisema kwamba kumwita mhudumu mwathirika kunafifisha wajibu wake kwa familia. Hoja yao ina nguvu. Njia iliyo ya haki kwa Songwe na kwingineko ni kuyatenga mambo mawili ambayo kwa sasa yanachanganywa: kikao cha kutafuta sababu, chenye ukali wake wa kitaaluma na chenye haki za familia mbele yake, na nafasi ya kuomboleza, ambayo haimwondolei mtu wajibu wowote na ambayo inapaswa kutangulia.

Ngao inayomchosha aliyeivaa

Mwanasaikolojia Isabel Menzies alichapisha mwaka 1960 uchunguzi wa wauguzi wanafunzi katika hospitali moja kubwa ya kufundishia jijini London, na maelezo yake yanatambulika upesi na yeyote aliyepita wodi za Tanzania. Aligundua kwamba hospitali ile ilikuwa imejijengea taratibu nyingi ambazo lengo lake lisilotamkwa lilikuwa kuwakinga wauguzi na uchungu: kazi iligawanywa vipande ili kila muuguzi afanye jambo dogo kwa wagonjwa wengi badala ya kumjua mgonjwa mmoja, wagonjwa waliitwa kwa namba za vitanda au majina ya magonjwa yao, na wauguzi walihamishwa mara kwa mara. Ngao hizo hazikuwakinga. Takribani theluthi ya wanafunzi waliacha mafunzo kwa hiari yao, na walioacha mara nyingi walikuwa wale wenye uwezo mkubwa wa kujali.

Kusema kitanda namba sita amefariki, kwa hiyo, hakutokani na ukatili. Ni ngao ya mtu asiye na ngao nyingine, na inafanya kazi kwa muda. Baada ya miaka, hata hivyo, huzuni iliyokataliwa mlango hurudi kama uchovu wa kazi uliopitiliza, hali ambayo Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa magonjwa ulioidhinishwa mwaka 2019, liliieleza kuwa tukio la kikazi lenye sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na ufanisi kushuka. Ndugu wa wagonjwa hukutana na hali hiyo kama lugha mbaya mapokezini. Si kila lugha mbaya inatokana na huzuni, na mgonjwa hapaswi kubebeshwa mzigo wa kumwelewa anayemtukana, lakini viongozi wanaochukua hatua za nidhamu bila kuuliza mtu huyo amefunika maiti ngapi mwezi huo wanatibu dalili na kuuacha ugonjwa.

Upo pia ukweli wa upande wa pili, ambao huwafariji wahudumu wanaojishuku kuwa wamekuwa na moyo wa jiwe. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mwombolezaji mwenye afya huyumba kati ya kuutazama msiba na kuuacha kwa muda ili ashughulike na maisha, na kwamba kuyumba huko ndiko kunakoponya. Muuguzi anayecheka na mwenzake wakati wa chai saa mbili baada ya kifo hajamdharau marehemu. Tatizo huanza pale anapobaki upande mmoja tu, ama hawezi kuuacha msiba ule hata usingizini, ama hawezi kuugusa kabisa.

Afrika Mashariki ina mifano ya wahudumu waliobeba mzigo mkubwa kuliko huo. Mwaka 2000, homa ya Ebola ilipoingia Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kuua watu 224, Hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor ilipoteza wafanyakazi wake zaidi ya 10, waliougua wakiwahudumia wengine na kuuguzwa na wenzao wa zamu. Mwishoni mwa Novemba wauguzi walikusanyika wakitaka hospitali ifungwe. Dkt. Matthew Lukwiya, aliyekuwa akiiongoza, alikaa nao kwa saa nyingi, akasikiliza hasira na kilio chao, akawaachia uhuru wa kuondoka huku akisema kwamba yeye atabaki, na wengi walibaki. Naye aliugua na kufariki tarehe 5 Desemba mwaka huohuo. Ushujaa wake umeandikwa sana, lakini saa zile za kukaa ukumbini na watu waliofiwa hazijapewa uzito zinaostahili, ingawa ndizo zilizoifanya hospitali iendelee. Tanzania ilionja msiba wa namna hiyo mwaka 2023, virusi vya Marburg vilipozuka wilayani Bukoba na kuua watu 6, mmoja wao akiwa mhudumu wa afya.

Swali la nini kifanyike lina majibu ya gharama ndogo. Huko Marekani, muuguzi wa idara ya dharura Jonathan Bartels wa Chuo Kikuu cha Virginia alianzisha desturi ya kuomba wote waliokuwa wakimhudumia mgonjwa aliyefariki wasimame kimya kwa muda mfupi kando ya kitanda, kumheshimu marehemu na juhudi zao wenyewe, kabla ya kutawanyika. Huko Boston, wakili Kenneth Schwartz, aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995, aliacha taasisi iliyoanzisha mikutano ambamo wahudumu wa kada zote, kuanzia daktari bingwa hadi msafishaji, huzungumza jinsi kazi inavyowagusa, bila kujadili dozi wala vipimo. Hospitali za dini za kusini-magharibi mwa Tanzania, zikiwemo za Wamoravian zilizopo Mbozi na Isoko, zina ibada za asubuhi kabla ya kazi, na ibada ni chombo kilicho tayari, mradi waliopoteza mgonjwa usiku waombewe kwa jina na si kwa ujumla.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionesha kwamba kumketisha mtu mara moja tu baada ya tukio la kutisha na kumtaka asimulie kila kitu hakumkingi na jeraha la nafsi, na kunaweza kumdhuru. Mhudumu aalikwe kuzungumza, asilazimishwe. Anayetaka kulala kwanza, alale. Jambo linalosaidia zaidi ni la vitendo: kupewa maji na chai, kutolewa wodini kwa robo saa, kuulizwa kama ana mtu wa kukaa naye nyumbani, na mkubwa wake wa kazi kumtafuta tena baada ya siku kadhaa. Umahiri nao ni sehemu ya faraja. Mradi ulioratibiwa na watafiti wa Haydom mkoani Manyara, uliohusisha vituo 30 katika mikoa 5 ya Tanzania na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2025, uliwawezesha wakunga kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara ya kuokoa mzazi na mtoto na kuzungumza pamoja baada ya matukio, na vifo vya watoto karibu na wakati wa kuzaliwa vilipungua kwa asilimia 18. Mkunga aliyezoeza mikono yake kila wiki, akampoteza mtoto baada ya kufanya yote, ana jibu la kujipa usiku.

Anayekosa usingizi kwa wiki kadhaa, anayekwepa kitanda au chumba fulani, anayeanza kulewa ili alale, au anayefikiria kujidhuru, anahitaji matibabu, na kwa wahudumu wa Songwe hilo lina ugumu wake, kwa kuwa mtaalamu wa afya ya akili aliye karibu mara nyingi ni mfanyakazi mwenzao. Mfano wa Harare unafaa kutazamwa hapa. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza kijana aliyejiua kwa sababu hakuwa na nauli ya kufika hospitalini, na kutokana na uchungu wa kifo hicho alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi 14 wa mtaani kusikiliza watu wenye sonona, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Utaratibu huo ulithibitishwa kwa utafiti mwaka 2016 na umeshafika Zanzibar. Wakunga wastaafu wa Mbozi na Tunduma, ambao wamepoteza wagonjwa na wakaendelea kuzalisha kwa miaka 30, wangeweza kufanya kazi kama hiyo kwa vijana wa TAMISEMI vizuri kuliko yeyote.

Limebaki suala la mazishi. Baadhi ya viongozi wa vituo huona si busara mhudumu kuhudhuria maziko ya mgonjwa wake, kwa hofu ya maneno ya watu, na katika kifo chenye utata hofu hiyo ina msingi. Katika vifo vingine vyote ruhusa hiyo inastahili kutolewa kwa anayeiomba, na hasa Tunduma, kwa wale wageni wanaozikwa na halmashauri bila ndugu. Hakuna mwongozo mpya unaohitajika kwa hilo. Afisa ustawi wa jamii aijulishe wodi siku na saa ya mazishi, na matroni amtafutie muuguzi huyo mtu wa kumshikia zamu kwa saa mbili.